Mikimbio Arobaini

"Mume wako nimemwona kwenye televisheni, nchi za watu huko, anawapulizia kipenga matajiri. Sasa mbona bado mnachota maji kwangu?"

Jirani aliuliza hivyo mwaka juzi, pale bombani kwake, huku anacheka. Mke wa refa alicheka naye, akajitwika ndoo. Angejibu nini? Mumewe alikuwa na beji ya kimataifa kifuani mwaka wa tisa sasa, na siku nyingine zote alikuwa fundi rangi. Safari za nje ndizo zilizosomesha watoto. Rangi iliwalisha.

Beji hutolewa upya kila Januari, mwaka umeandikwa juu yake. Mke ndiye aliyezishona, maana alikuwa fundi cherehani na marefa wote wa mji walimletea jezi zao. Alifumua ya zamani, akaweka mpya. Za mumewe zilizopita, nane, alizitunza kwenye kopo la biskuti.

Siku katibu wa chama cha soka alipomwita mumewe ofisini, yeye naye alikuwa na jezi za kupeleka. Akakaa kwenye benchi nje, mlango wazi.

"Refa wangu, ripoti yako hii kali mno," katibu alisema, akiipunga karatasi. "Eti mwenyekiti wa klabu aliingia chumba cha waamuzi akampiga mshika kibendera."

"Alimpiga, mheshimiwa. Jino likatoka."

"Jino, jino. Andika kwamba aliingia kuwapongeza."

"Kwa kibao?"

Katibu alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akaacha. "Una miaka arobaini na mbili, mzee. Wiki ijayo ni majaribio ya mbio. Miguu hiyo tunaiombea dua."

"Nilichokiona ndicho nilichoandika."

"Haya. Funga mlango ukitoka."

Majaribio yenyewe ni kukimbia mita sabini na tano, kutembea kidogo, kukimbia tena, mara arobaini bila kusimama. Mke alikaa jukwaani na punje arobaini za mahindi mfuko wa kushoto wa gauni. Kila mkimbio ulipokwisha alihamishia punje moja kulia, na kila punje aliisindikiza kwa "Ee Mungu." Mumewe alipovuka mstari wa mwisho, mfuko wa kushoto ulikuwa mtupu.

Aliyepangwa kushika karatasi ya kuhesabu siku hiyo alikuwa yule yule mshika kibendera aliyepigwa.

Ijumaa majibu yakabandikwa ukutani. *Ameshindwa mkimbio wa thelathini na nane.* Chini yake, sahihi ya aliyehesabu.

Mumewe alisoma, akarudi kupaka ukuta wa watu. Hakufoka. Hilo ndilo lililomtisha mkewe.

Januari mshika kibendera akabisha hodi, jezi begani, bahasha mkononi.

"Shemeji, nishonee hii. Mchana nasafiri."

Ndani ya bahasha akakuta beji ya kimataifa ya mwaka mpya. Nyepesi, kama zote. Akatunga uzi, akakanyaga cherehani.

"Jino umeweka?"

"Nimeweka. Mwenyekiti mwenyewe alinipeleka kwa daktari. Kumbe ana roho nzuri, shemeji. Tulimwelewa vibaya tu."

Cherehani ikanyamaza. Alifungua kopo la biskuti, akamwaga juu ya jezi punje za mahindi alizozitunza tangu siku ya majaribio.

"Hesabu."

"Shemeji, nina watoto wanne."

"Na mimi sikuuliza watoto. Hesabu."

Hakuzitazama. "Ni arobaini. Najua. Si nilikuwepo?"

Hapo ndipo wote wawili walipomwona mumewe mlangoni, rangi nyeupe imekaukia kwenye nyusi. Mshika kibendera akainuka nusu. "Kaka..."

Refa alisogea, akaiinamia beji iliyobanwa chini ya sindano, ubavu mmoja umeshonwa.

"Anza na juu," alimwambia mkewe. "Itapinda hiyo."

Akaiokota ndoo nyuma ya mlango, akatoka kwenda kuchota maji kwa jirani.