Tawi Lililopita Ukutani

Tangu lini kuvuta kukawa kuiba? Fermina alijiuliza hivyo kila siku, na kila siku alijijibu mwenyewe kwa upole, kama wafanyavyo wenye hatia. Tawi lilikuwa la mzabibu wa kaka yake, sawa. Shina liko shambani kwa kaka yake, sawa. Lakini ukuta wa mawe unaotenganisha mashamba yao ulikuwa na tundu, na tawi refu lilikuwa limejileta lenyewe hadi kwenye tundu hilo. Wewe ungefanyaje? Fermina alilivuta, akalikunja, akalifukia udongoni upande wake, ncha akaiacha nje, juu akaweka jiwe. Kazi iliyobaki ilikuwa kusubiri literemshe mizizi yake.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita.

Mzabibu wenyewe unaitwa Neirola, na katika bonde zima la Aosta, huko milimani Italia, hauko kwingine ila kwa Anselmo, kaka yake: mistari minne tu mlimani, pipa moja na nusu kwa mwaka, mvinyo mwekundu unaouma ulimi kwanza kisha ukaomba radhi. Marehemu baba yao alimwapisha Anselmo kabla ya kukata roho: tawi la Neirola lisitoke nje ya ukuta kwa mkono wako. Kisa? Fermina aliolewa na kijana wa jirani, na wale jirani walikuwa wamegombana na mzee juu ya mfereji wa maji. Hata siku ya arusi mzee hakutuma chupa moja! Miaka arobaini na nane imepita, na jambo hilo lilikuwa bado linamuuma Fermina, tena sana. Uolewe bila mvinyo wa kwenu, kana kwamba uliokotwa njiani.

Sasa Anselmo, hana mke hana mtoto, magoti yamemgomea, amekubali kumuuzia shamba mtu wa mjini anayetaka kujenga nyumba ya wageni. Pasaka ikipita, mizabibu yote inang'olewa. Tawi lile likikatwa kabla halijaweza kujitegemea, basi Neirola imekwisha duniani.

Hata kabla ya habari hiyo ya kuuza, kila Februari, Anselmo akishika mkasi wa kupogoa, Fermina alikuwa haondoki dirishani. Kaka akiufikia tu mzabibu wa ukutani, bibi huyo, mbio! Mara ya kwanza alipiga yowe:

"Nyoka! Kaka, nyoka jamani!"

"Nyoka kwenye theluji?" Anselmo aliuliza. "Kavaa soksi?"

Hata hivyo alimtafuta huyo nyoka mpaka akachoka, akaenda zake. Mwaka uliofuata Fermina alileta supu ya mkate na jibini, akamkalisha kwa umbea mpaka mkasi ukasahaulika.

Mwaka huu alikuja na bakuli tena, anahema.

"Kaka, kula kwanza ingali moto."

"Weka hapo."

"Itapoa!"

"Nimesema weka hapo, Fermina." Na mkasi tayari ulikuwa mdomoni mwa tundu, umelibana tawi.

Bakuli likamponyoka, supu ikamwagika.

"Usikate! Ni mimi, mimi ndiye niliyelivuta! Mwizi ni mimi, unataka niseme nini tena? Nishtaki kwa padri, nishtaki kwa polisi, ila usikate, kaka yangu, nakuomba. Mimi pia ni mtoto wa baba!"

Kacha! Akakata.

Fermina akakaa chini kwenye theluji, akalia kwa sauti bila kumwonea mtu haya.

"Lilie supu," alisema Anselmo. "Mzabibu wako mzima. Miaka mitatu unanyonya kwa mama yake. Usipoachishwa ziwa utakua lini? Jana ulipokwenda kanisani niliufukua kidogo. Mizizi tele, kama ndevu za babu."

Kilio kikakatika. "Ulikuwa unajua?"

"Mzabibu huu nauacha wa mwisho kila mwaka, nione utaniletea uongo gani. Yule nyoka alinifurahisha mno."

"Na kiapo cha baba je?"

"Baba alisema mkono wangu. Mkono wako hakuutaja."

Fermina akautazama ukuta. Enzi za uchumba aliuruka mara ngapi! Jiwe kwa jiwe aliujua kwa nyayo zake, na tundu halikuwapo.

"Na jiwe la hapa lilikwenda wapi?"

Anselmo akafunga mkasi wake taratibu, akautia mfukoni.

"Liko mlangoni kwangu, ndilo kigoda changu. Nililing'oa peke yangu, usinione hivi. Unadhani magoti haya yaliharibiwa na nini?" Akamnyooshea mkono, amwinue. "Haya, simama. Kalete supu nyingine."

Fermina alikwenda kuipasha, analia na kucheka njia nzima.