Bomba Juu ya Shamba la Maharage

Mwaka 1949, kituo cha umeme kilichojengwa mlimani juu ya mji wa Usa River kilikuwa na kazi moja: kuendesha mashine za kiwanda cha katani kule tambarare. Maji yalishuka mlimani ndani ya bomba la chuma, yakazungusha mtambo, na umeme ukapita juu ya nyumba zilizowasha vibatari.

Sumari, Mmeru aliyejifunza ufundi jeshini Burma, alikuwa kwenye zamu asubuhi moja ya mvua aliposikia mlio mgeni. Alitoka nje. Katikati ya mteremko, maji yalifyatuka kwenye kiungo cha bomba, na nguzo ya saruji iliyolishikilia ilikuwa imepasuka. Chini yake wanawake walipalilia maharage. Mkewe, Aikande, alikuwa miongoni mwao.

Akampigia simu meneja wa kiwanda.

"Usizime," meneja alisema. "Meli inasubiri katani. Injinia atarudi jioni."

"Bwana, bomba halifiki jioni."

"Ukizima, huna kazi."

Simu ikakatwa. Sumari akamgeukia Simel, mwenzake wa zamu.

"Nenda ukawatoe wale kina mama shambani. Wapandishe ng'ambo ya korongo."

"Na wewe?"

"Nafunga lango la juu, pale maji yanapoingilia bombani."

Angefunga koki ya pale mtamboni, maji yangekosa pa kwenda na kulipasua bomba mara moja. Kwa hiyo alipanda mteremko, akiteleza kwenye tope, akakipita kile kiungo kwa kutambaa. Chuma kilitetemeka karibu na shavu lake.

Gurudumu la lango lilikuwa limeshika kutu. Alilisukuma kwa bega hadi likaanza kuzunguka. Lango lilikuwa limebaki kidogo tu kufungika, bomba likakatika. Maji yaliyosalia ndani yalilifagia shamba, yakaondoka na maharage, majembe na udongo wenyewe.

Sumari alishuka mbio, akiita. Ng'ambo ya korongo Aikande alisimama na wenzake, miguu imejaa tope.

"Tupo wote," alisema. "Nimewahesabu mara mbili."

Jioni hiyohiyo Sumari alifukuzwa kazi.

Baada ya mwezi injinia alifika nyumbani kwake, kofia mkononi, akamwomba arudi.

"Bomba mmelipitisha wapi?" Sumari aliuliza.

"Palepale."

"Basi tafuteni mtu mwingine."

Aikande alimkaribisha mgeni chai. Injinia akanywa, akashukuru, akaondoka.