Kijino cha Kava ya Kushoto

Miaka ishirini na miwili nafungua kava za pikipiki, zile plastiki zinazofunika mwili wake, na sijawahi kuvunja hata kijino kimoja. Vijino ni zile ncha ndogo za plastiki zinazoingia kwenye vitundu vya mpira na kuishika kava. Sijisifu. Waulize mafundi wenzangu, wanaofungua kava kama wanamenya ndizi, zikivunjika wanamsingizia mwenye kiwanda. Plastiki haitaki ubabe. Ipashe joto, ipapase, uivute pale pale inapokubali.

Asubuhi ile nilikuwa nafungua kava za pikipiki ya mke wangu, ile kubwa ya safari ndefu yenye masanduku mawili ubavuni, ambayo tulizunguka nayo kila likizo. Alikuwa ananiacha. Anahamia kwa dada yake, mji wa mbali, na lori la mizigo lilikuwa linakuja saa sita. Mwenye lori alisema kava zifunguliwe na kuviringishwa kwenye blanketi, zisije zikakwaruzika akalaumiwa yeye. Basi mke wangu akaniomba mimi. Angemwomba nani mwingine?

"Fundi, utamaliza kwa wakati?" aliuliza akiwa mlangoni mwa gereji. Zamani aliniita mume wangu.

"Haraka haraka haina baraka."

"Na polepole yako imetuletea baraka gani?"

Nikashika bisibisi. Kunyamaza nako nakuweza sana.

Nilijiambia nitamwomba abaki nikishatoa kiti. Kiti kikatoka. Nikasema basi, nikimaliza kioo cha mbele. Kioo nacho kikatoka, nikakiegemeza ukutani juu ya godoro kuukuu, na mdomo wangu bado umefungwa. Skrubu nilizipanga kwenye trei la mayai, kila tundu na namba yake. Kwenye mipira nilipaka maji ya sabuni. Kulikuwa na baridi, kwa hiyo kila kava niliipasha dakika kumi kwa draya ya nywele ya mke wangu, ile tuliyoigombania miaka yote ya ndoa.

Alikuja akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinitazama.

"Siku mama alipofariki," akasema, "nilikuja hapa hapa. Ukaniambia ningoje umalize vijino viwili."

"Nilimaliza nikakufuata."

"Ulinifuata baada ya saa mbili. Nilikuwa nimeshalia peke yangu nikamaliza."

Niliona aibu. Alikuwa anasema kweli. Plastiki niliisubiri ilainike, yeye sikumsubiri hata amalize sentensi. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi hata kujaribu sikujaribu.

Ikabaki kava moja, ya kushoto. Ina vijino vitatu, na cha chini hutolewa kwa kukivuta moja kwa moja kuja upande wako. Ukikivuta kwenda chini kinakatika, hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Niliipasha vizuri. Nikatoa kijino cha kwanza, nikatoa cha pili. Kisha nikawaza: hiki kikivunjika, gundi itataka siku tatu kukauka. Lori litaondoka bila pikipiki, na yeye haendi popote bila pikipiki yake. Ndani ya siku tatu huenda nikapata ulimi.

Nikavuta kwenda chini. Kikalia ka! Nilihisi kama nimevunja kidole changu mwenyewe.

Mke wangu akainuka, akaichukua kava, akakitazama kijino kilichokatika.

"Miaka ishirini na miwili," akasema. "Leo ndiyo umevunja?"

"Plastiki ilikuwa ya baridi."

Akaweka kiganja juu ya kava. Bado ilikuwa na joto la draya. Akaniangalia, na machozi yakaanza kumtoka.

"Itabidi ikae siku tatu na gundi," nikasema.

"Ungeniambia tu usiende. Neno moja. Halihitaji hata kupashwa moto."

"Usiende," nikasema.

Nilisikia skrubu moja ikibingirika sakafuni, na kwa mara ya kwanza sikuinama kuitafuta.

"Mwaka jana ningekaa," akasema.

Aliiviringisha kava kwenye blanketi na kijino chake kilichovunjika. Lori lilipofika, wapakiaji waliipandisha pikipiki, uchi, nyaya zote nje. Nilikimbia nikachukua karatasi nikaandika jinsi ya kurudisha kila kitu: aanze na kava za pembeni, apake sabuni kwenye mipira, asikaze skrubu kabla zote hazijaingia, kijino cha chini akitie gundi na kukiacha siku tatu, asikivute kamwe kwenda chini. Nikampa akiwa ameshakaa karibu na dereva.

Aliisoma yote, mstari kwa mstari. Kisha akaigeuza upande wa pili, aone kama nimeandika kitu kingine. Sikuwa nimeandika kitu.