Wa Kumi na Sita wa Killavarra

Killavarra walicheza fainali wakiwa kumi na sita, na kamogi, mchezo wa mpira na fimbo, huchezwa na kumi na tano.

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye pingamizi la timu iliyofungwa. Waliambatanisha picha iliyopigwa kutoka jukwaani: wasichana wa jezi ya kijani uwanjani, kila mmoja na fimbo yake mkononi. Concepta Fahy, rais wa chama kilichosimamia mchezo huo wa wanawake Ireland nzima, aliwahesabu kwa ncha ya kalamu akiwa mezani kwake Dublin. Kumi na sita. Akaanza upande wa pili. Kumi na sita. Mwamuzi alikuwa ameapa kwamba walikuwa kumi na tano kabla hajapuliza filimbi, na mwamuzi yule hakuwa mtu wa kubahatisha.

Ingekuwa klabu kubwa, ungesema mchezaji wa akiba amejipenyeza. Killavarra haikuwa na akiba. Ni kijiji cha kanisa moja, baa moja, na wasichana kumi na tano wanaojua kushika fimbo. Adhabu ya kuzidisha mchezaji ilikuwa kunyang'anywa kombe na kufungiwa miaka miwili. Klabu ya namna hiyo ikifungiwa miaka miwili haifunguki tena. Wasichana wanakwenda Australia, nyasi zinaota golini.

Jumapili baada ya misa Concepta akaendesha gari mpaka huko, daftari la usajili likiwa kwenye kiti cha pembeni. Ukungu ulikuwa umelala uwanjani, nguzo za goli zikionekana kama zimekatika katikati. Kocha, Festy Kilroy, alimpokea mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo.

"Karibu, Bi Rais. Umekuja kutuhesabu kama kondoo?"

"Kondoo wana alama masikioni, Festy. Kazi ingekuwa nyepesi."

"Hawa wana alama miguuni. Hebu ona walivyochubuka."

Wasichana wakacheka. Concepta aliwafahamu karibu wote. Mwaka uliopita alilala kwa akina Kilroy, na Ríona, binti wa Festy, ndiye aliyemmiminia chai na kumkatia mkate.

Akawapanga ukutani, akawahesabu. Kumi na sita. Akapita uso kwa uso akitafuta mgeni. Mgeni hakuwepo.

"Nitakayemsoma aitike, atoke nje," akasema.

Akasoma. Mmoja mmoja waliitika, mlango ukafunguka, baridi ikaingia, mlango ukafungwa. Jina la kumi na tano lilipotoka, orodha ikaisha. Ríona alikuwa bado ameegemea ukuta.

"Hujanisoma," akasema.

"Jina lako halimo."

Festy akakuna shingo. "Nilisahau kumwandikisha. Wa nyumbani ndiye unayemsahau."

"Umesahau tangu lini?" Concepta alikuwa anafunua daftari kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, hadi kwenye timu ya watoto wa miaka sita. Wengine wote walikuwemo tangu wadogo. Ríona hakuwemo hata mara moja. "Miaka kumi na tatu, Festy?"

Festy alimtazama binti yake kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka funguo.

"Na mwamuzi alikuhesabu vipi?" Concepta akamuuliza msichana.

"Mwamuzi anafuata karatasi. Mimi simo kwenye karatasi."

"Ulizaliwa lini?"

"Muulize baba."

Festy akaanza kuhesabu vidoleni, akaacha.

Nje, wale kumi na tano walikuwa wamesogea dirishani. Concepta akatoa fomu ya uamuzi. Ilikuwa na nafasi moja ya idadi na nafasi moja ya saini.

"Andika kumi na tano, Concepta," Festy akasema taratibu. "Wale huko nje hawana kingine. Ni namba tu. Huyu wala hajali."

"Najali, baba," Ríona akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akamgeukia Concepta. "Ukiandika kumi na sita watanichukia. Hilo nitalivumilia."

"Na nikiandika kumi na tano?"

Ríona aliitazama ile fomu. "Ulikunywa chai yangu, Bi Concepta. Vikombe viwili."

Concepta alikuwa amekiongoza chama miaka miwili kwa neno moja, kwamba kisichokuwa kwenye karatasi hakipo. Neno hilo lilikuwa limemaliza ugomvi mwingi. Aliziangalia zile nyuso kwenye kioo cha dirisha, akaifikiria klabu ikifungwa kwa sababu ya uzembe wa baba mmoja, akaona anawatendea wema. Akaandika kumi na tano, kwa tarakimu na kwa maneno. Akatia saini.

Alipoinua kichwa, Festy alikuwa peke yake, anakunja jezi.

"Ríona amepitia wapi?" Mlango haukuwa umefunguka.

"Nani?" Festy akauliza, kwa upole, kama unavyomuuliza mgeni aliyechoka na safari.

Concepta akafuatana na Festy mpaka nyumbani kwake. Wanawe wawili wa kiume walikuwa kwenye kochi. Chumba cha juu ya ngazi, alichokijua kuwa cha Ríona, kilikuwa cha kupigia pasi, na mke wa Festy akasema hakijawahi kuwa kingine. Concepta akamuuliza kama aliwahi kuwa na binti. Mama yule akacheka kidogo, halafu akaacha. Alikuwa amepanga vikombe sita mezani, na wao walikuwa watano. Akakitazama kile cha sita, akakirudisha kabatini.

Pingamizi likatupwa. Waliolileta waliitazama tena picha yao, wakaona kumi na tano, wakaomba radhi. Mwezi wa nne Concepta akajiuzulu ikiwa imebaki karibu mwaka mzima wa muhula wake, na hakusema kwa nini.

Killavarra walibaki na kombe moja, medali kumi na tano na klabu yao. Akina Kilroy walibaki na wavulana wawili. Aliyetoka ni mmoja: msichana wa miaka kumi na tisa, aliyecheza miaka kumi na tatu, na anayelijua jina lake ni mtu mmoja tu.