Zamu ya Jumatano

Taulo lilikuwa limekunjwa mara tatu. Nyumba nzima ilikuwa shaghalabaghala: kochi limesukumwa korido, sukari imehamia kwenye kabati la nguo, ukuta wa sebule umetobolewa ili kiti cha magurudumu kipite, na vumbi lake limetua hata kwenye miswaki. Katikati ya vurugu hiyo yote, juu ya ndoo iliyofunikwa, taulo la bluu limekunjwa mara tatu, ncha kwa ncha, kama linasubiri mnunuzi. Bi Zamu alisimama mlangoni mwa bafu, mkoba bado uko begani, akalitazama. Yeye hukunja mara mbili. Mumewe hakunji kabisa; taulo la mumewe hulala pale lilipoangukia.

"Nani kakunja taulo hili?" aliuliza.

"Lipi?" mumewe akajibu kutoka jikoni.

"La bluu."

"Aa. Labda mimi."

Labda! Mtu mzima na akili zake, hana hakika mikono yake imefanya nini mchana. Bi Zamu alilifungua lile taulo, akalikunja mara mbili, akalirudisha mahali pake. Machale yalikuwa yamemcheza.

Jina hilo la Bi Zamu alipewa kazini, na waliompa walidhani yeye halijui. Alikuwa msimamizi wa wauguzi katika wodi ya upasuaji. Kila mwisho wa wiki alikaa na rula, penseli na kifutio, akapanga nani aingie asubuhi, nani mchana, nani akeshe. Alijua nani ana mtoto mchanga na nani anasingizia kuwa naye. Wauguzi wageni wote aliwafundisha sheria moja kabla hata hajawaonyesha dawa ziliko: ukibandika ratiba mpya, kusanya ya zamani. Karatasi mbili zinazosema mambo mawili, alikuwa akiwaambia, zitakuachia mgonjwa peke yake.

Miezi miwili nyuma mama yake alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno mengi yakaenda nao. Yaliyobaki yalitoka moja moja, tena kwa kusubiriwa. Bi Zamu alimleta kwake bila kushauriana na mtu. Sebule ikageuzwa chumba cha mgonjwa. Mwashi akaitwa apanue mlango, akabomoa kabla hajajua atajenga nini, kisha akapata kazi kwingine. Asubuhi mama alikaa na jirani, mstaafu mwenye subira. Kuanzia saa sita alikaa na mkwewe, ambaye ni mwoka mikate na huwa amemaliza kazi wakati wenzake wanafikiria chakula cha mchana. Saa kumi jioni Bi Zamu alitoka hospitalini, na hapo ndipo zamu yake ya pili ilipotakiwa kuanza.

Ilipotakiwa, nasema, kwa sababu marafiki walikuwa wameingilia kati. Walikuwa watatu, tangu enzi za shule. Kulikuwa na Mwalimu, wa hesabu, aliyeongea na kila mtu kana kwamba yuko darasa la nne. Kulikuwa na Fundi, mshonaji wa magauni. Na kulikuwa na Bi Harusi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna harusi iliyompita, ingawa ya kwake mwenyewe aliikimbia mara mbili. Kwa miaka mingi walionana mara moja kwa mwezi, tena kwa kuvutana. Sasa ghafla walikuwa wakimtaka kila siku ya pili.

"Utaugua na wewe ukijifungia ndani," Mwalimu alimwambia. "Njoo upate hewa."

Mkahawa waliompeleka ulikuwa ghorofani, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, na hewa yake ilikuwa ya viazi vya kukaanga. Lakini mumewe, yule yule aliyezoea kununa akichelewa robo saa, ndiye aliyekuwa akimsindikiza mpaka mlangoni. "Nenda, mke wangu. Mama yuko salama na mimi. Ukirudi saa moja na nusu si vibaya."

Saa moja na nusu. Si saa moja, si saa mbili. Anayekutakia mema hukwambia uwahi kurudi, au ukae utakavyo. Anayekupimia dakika ana jambo lake.

Ijumaa moja alirudi akamkuta mama amesukwa. Mistari sita imelala kichwani, njia zake zimenyooka, na nywele zinanukia mafuta ambayo nyumba hiyo haijapata kuyanunua.

"Nani kakusuka, mama?"

Mama alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akamgeuzia mkwewe macho.

"Mimi," mumewe akadakia. "Kila alfajiri nasuka mikate. Nywele ndiyo zinishinde?"

Jibu lilichekesha, naye angependa kucheka. Lakini aliijua mikate yenyewe. Ilikuwa mitamu, hakuna ubishi, ila msuko wake ulikwenda kombo tangu siku ya kwanza na haujanyooka mpaka leo.

Basi yupo mwanamke. Alijiambia hivyo waziwazi, amesimama kwenye sinki, mbele yake vikombe viwili vya chai ambavyo mtu alikuwa ameshavisuuza. Yupo mwanamke anayeingia nyumbani kwangu, anakunja taulo zangu, anamsuka mama yangu, na mama anamfurahia. Hilo la mwisho ndilo lililomkata maini. Akaanza kupiga hesabu, maana ndiyo kazi aliyoizoea. Akimfukuza mume, nani atashinda na mama? Akinyamaza, atakuwa mgeni ndani ya nyumba yake. Miaka kumi na minne ya ndoa, na usiku ule alilala akiusikiliza mlango wa sebule ambao haukuwepo.

Wa kumweleza alikuwepo mmoja tu, na huyo alikuwa hamtaki.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja. Baba yao alipolazwa, miaka mitatu nyuma, Bi Zamu alipanga zamu za kukaa naye wodini, akaziandika vizuri, akampa mdogo wake nakala. Jumatano moja, saa nane mchana, baba alikata roho na kiti cha pembeni yake kitupu. Mdogo mtu alitokea saa kumi, chupa ya uji mkononi.

"Zamu yangu ni saa kumi, dada," alisema.

"Ilikuwa saa saba," Bi Zamu akamjibu mbele ya watu. "Nimebadilisha jana. Imebandikwa kabatini."

Yule alinyoosha mkono wenye karatasi. Bi Zamu aliupangua bila kuitazama. Siku ya mazishi akamwambia asikanyage tena kwake, naye hakukanyaga. Picha yake ilitolewa ukutani ikatiwa ndani ya boksi, na mbele ya mama jina lake likawa halitajwi.

Jumatatu baada ya mama kusukwa, wodini walitokea wauguzi wawili kwa zamu moja ya asubuhi, na mchana hakutokea mtu. Bi Zamu alimpigia simu aliyekosekana na kumpa vidonge vyake. Kumbe aliyekosekana ndiye huyo aliyezidi asubuhi. Ameambiwa hayumo, amerudi nyumbani. Alikuja tena baada ya saa moja, mama mmoja mpole asiyejua kujibizana, akaweka karatasi mezani.

"Mimi nimefuata hii, mama. Ina sahihi yako."

Ilikuwa ratiba ya mwanzo. Ijumaa aliandika nyingine, akaibandika mbiombio kwa kuwa Bi Harusi alikuwa anamsubiri nje, na ile ya kwanza hakuikusanya. Yeye! Aliitazama sahihi yake, ule mkia mrefu anaoupenda, na uso ukamwiva.

"Kosa ni langu," alisema. "Nisamehe."

"Yanatokea," yule muuguzi akasema, akaenda kuvaa aproni.

Bi Zamu alibaki ameishika ile karatasi. Kitu kilimpitia kifuani, mkono ulionyooshwa, chupa ya uji. Lakini simu ililia, mgonjwa anatakiwa chumba cha upasuaji, na kile kitu kikaondoka kabla hajakitazama vizuri.

Kesho yake, akihakiki ratiba zote zilizobaki ukutani, ndipo alipoigeuza moja na kuanza kuchora nyuma yake. Jumatatu, Mwalimu. Jumatano, Fundi. Ijumaa, Bi Harusi. Wiki baada ya wiki, hawatokei wawili kwa pamoja, wala haipiti siku mmoja wao akaugua, akasahau, au akasema leo sijisikii. Wiki moja tu ilivurugika, ile ambayo Fundi alikuwa na magauni manane ya harusi: Jumatano alikuja Mwalimu, na Jumatatu iliyofuata Fundi akailipa. Penseli ilisimama. Marafiki hualikana, hukosana, husameheana. Wanaobadilishana siku na kulipana ni watu wenye ratiba. Alikuwa amepangiwa zamu kama mgonjwa, na mpangaji hakuwa mwingine ila yule anayemsindikiza mpaka mlangoni. Mume na marafiki wote watatu walikuwa wamemzunguka.

Jumatano akajitia hamnazo. Alikaa na Fundi mkahawani, akasikiliza habari za mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa, akacheka panapochekesha. Saa kumi na mbili akasimama.

"Nakwenda kunawa."

Aliteremka ngazi za nyuma, akatembea kwa kasi ambayo hajaitembea tangu akiwa mwanafunzi. Barabarani aliyapanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke, akayapangua, akayapanga upya. Aliingia kwa uani, viatu mkononi.

Mumewe alikuwa ameketi kwenye kochi la korido, bakuli la viazi mapajani, anamenya. Alipomwona, kisu kilisimama. Hakuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa. Alikuwa na uso wa mlinzi aliyepitiwa na usingizi langoni.

Kutoka upande wa pili wa tundu la ukuta ilisikika sauti ya maji yakikamuliwa. Bi Zamu alisogea. Mwanamke alikuwa amepiga magoti, amempa mgongo, anamkausha mama miguu, kidole kimoja baada ya kingine. Alipomaliza alilitandaza lile taulo la bluu pajani, akalikunja mara tatu. Mama yao ndiye aliyewafundisha kukunja hivyo, wote wawili, kwenye kitanda kimoja, wakiwa wadogo. Bi Zamu aliacha alipoolewa kwa sababu kabati lilikuwa jembamba.

Mama alikuwa anatafuta neno. Mdogo mtu alisubiri, hakumsaidia.

"Dada yako?" mama akasema hatimaye.

"Yuko kazini, mama. Akirudi, mimi nimeshaondoka."

"Kwa nini?"

"Zamu zetu hazikutani."

Mama alimwekea mkono wa kushoto kichwani, ule unaotii, ukakaa hapo.

Bi Zamu aliegemea ukuta ambao haujapigwa lipu. Sasa kile kitu kilichompita juzi kilirudi, na safari hii hapakuwa na simu. Aliiona nakala ya kwanza ikiwa mkononi mwa mdogo wake. Aliiona ya pili kabatini, pembeni ya kitanda, mahali ambapo mtu asiyekuwepo hawezi kuisoma. Alikuwa amebandika mpya. Ya zamani hakuikusanya. Miaka mitatu alikuwa amembebesha mdogo wake kifo cha baba, na mzigo ulikuwa na sahihi yake mwenyewe, mkia mrefu na yote. Alitaka kulia, akajiziba mdomo kwa viatu alivyovishika.

Mumewe alikuwa amemfikia. "Mama aliomba mwenyewe," alinong'ona. "Tulipohamisha maboksi aliiona ile picha ya mdogo wako. Kila siku alikuwa ananionyesha lile boksi. Ningefanyaje?"

Bi Zamu alitikisa kichwa. Hakuwa anakataa, alikuwa anamwomba anyamaze. Hatua mbili mbele zingemfikisha ndani. Lakini alimjua mdogo wake. Akimwona ghafla mlangoni angeokota mkoba wake na kuondoka, na miguu ya mama ilikuwa bado haijapakwa mafuta. Alimshika mumewe mkono wenye maganda ya viazi, akaubana kidogo, akatoka alikoingilia.

Fundi alikuwa amesimama kwenye ngazi za mkahawa, simu mkononi, uso umemshuka.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikwenda kunawa."

"Nusu saa?"

"Ndiyo."

Walirudi mezani. Chai ilikuwa imepoa na kufanya utando. Bi Zamu aliivaa miwani yake ya kazini.

"Ijumaa ni ya Bi Harusi," alisema. "Siyo?"

Fundi alianza kucheka, akaona mwenzake hacheki. "Nani kakwambia?"

"Mlibadilishana ile wiki ya magauni. Watu wanaobadilishana wana karatasi. Nipe."

Fundi alipekua mkoba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Karatasi ilitoka imekunjamana, mwandiko wa mwoka mikate, mkubwa na wa kulala upande mmoja, na pembeni alama ya dole gumba ya unga. Ilikuwa imepangwa vibaya, mistari haikunyooka, lakini haikumkosesha mama mgeni wake siku hata moja.

"Umetukasirikia?" Fundi aliuliza.

"Sijui bado. Mwambie Bi Harusi apumzike. Ijumaa naingia mimi."

"Na mdogo wako je? Akijua upo hatakuja."

"Aambiwe nipo." Bi Zamu aliunyoosha mkunjo wa karatasi kwa ukucha. "Aambiwe leo hii, kwa mdomo, si kwa karatasi. Akija amekuja. Asipokuja, Jumatatu nitatoka kama kawaida."

Aliitia nakala ile kwenye mkoba. Ya Mwalimu angeichukua kesho akitoka kazini, ya Bi Harusi keshokutwa asubuhi. Hapo ikabaki moja, ya miaka mitatu, na hakujua kama mdogo wake bado anayo au aliitupa siku ile ile alipopanguliwa mkono. Angemwuliza. Angeinyooshea mkono.

Mhudumu alikuja kufuta meza, akauliza kama alete hesabu. Bi Zamu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja kamili.

"Bado," alisema. "Tuletee chai nyingine. Tuna nusu saa."