Sauti ya Luhende

Rohan alipofika nyumbani kwa Akelo, mtaa wa Pasiansi, hakuanza na jambo lililomleta. Alimuulizia mtoto wake Odero, kama chuo kimefungua. Akaulizia maji ya bomba. Akanywa chai mpaka ikaisha, akasogeza kikombe pembeni, ndipo akasema, "Mama Odero, watu wa televisheni wameuliza. Wanataka kujua kama Luhende anaendelea au tumemaliza."

Luhende alikuwa mtu wa katuni, fundi baiskeli wa Kisukuma mwenye kitambi. Alikuwa na mke, Mama Shimba, na mtoto wao Shimba, ambaye kipindi kilianza akiwa darasa la nne na mpaka leo yuko darasa la nne, ingawa watoto waliomcheka wakati ule sasa wana watoto wao. Rohan ndiye aliyewachora, kwanza katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la baba yake, baadaye katika studio ndogo huko Kiseke. Sauti ya Shimba ilikuwa ya Teodora, mwanamke mtu mzima. Sauti ya Mama Shimba ilikuwa ya Akelo. Na sauti ya Luhende ilikuwa ya Okech, mume wa Akelo, ambaye presha ilimwangusha mwezi wa pili akazikwa kijijini kwao, upande wa Shirati.

Kila kipindi kilimalizika kwa namna moja. Luhende anazima taa, kioo cha televisheni kinakuwa cheusi, na watazamaji wanabaki na sauti mbili kitandani zikibishana: nani kaacha ndoo nje, kwa nini jirani hajarudisha pampu, nani kati yao anakoroma. Rohan hakuwahi kuchora kitu hapo. Okech na Akelo walikuwa wakisimama kwenye maiki moja na kuanza, na mengi waliyosema hayakuwa yameandikwa na mtu. Yalikuwa mabishano ya nyumbani kwao yaliyobadilishwa majina. Wapo watu waliokuwa wakitazama kipindi kizima ili tu wafike kwenye giza lile.

"Nani atasema?" Akelo aliuliza.

"Nilimfikiria Ojwang."

Ojwang alikuwa mdogo wake Okech, tumbo moja. Siku ya mazishi aliposhika kipaza sauti kuwashukuru waliokuja, watu waliokaa nyuma kabisa ya turubai waliinua vichwa. Ilikuwa sauti ileile, na uzito uleule mwishoni mwa sentensi. Rohan aliisikia kama fundi anavyosikia. Kilichofuata hakukijua, kwa sababu Akelo hakumwambia. Wageni walipopungua, wazee wa ukoo walimwita Akelo, wakamkalisha, wakamwambia kwa upole kwamba nyumba ya Okech haifai kubaki wazi, na kwamba Ojwang yupo. Akelo alijibu kwamba anawaheshimu, lakini hatarithiwa. Aliolewa na mtu mmoja na huyo ndiye wamemzika. Ojwang, ambaye ana mke wake, Favour, aliangalia chini muda wote. Wazee hawakugomba. Walisema watasubiri.

Walikuwa bado wanasubiri.

"Ni sauti tu," Rohan alisema. "Pale kitandani hakuna hata picha."

"Ndiyo maana," Akelo alisema, na Rohan hakuelewa.

Hata hivyo Akelo alikubali kujaribu. Baadaye alijiuliza kwa nini, na jibu alilopata halikumfurahisha: alitaka kuisikia sauti ile ikimwita.

Kabla ya siku ya kurekodi, mama mkwe alipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ojwang ameniambia. Nimewaambia wazee, wamefurahi sana."

"Wamefurahi nini, mama?"

"Wanasema kama mliona aibu kulifanya hapa nyumbani, mkaamua kulifanya kwenye televisheni, si neno. Nyumba imefungwa. Hawatakusumbua tena."

"Mama, ile ni katuni."

"Katuni ninaijua. Nimeiangalia kuliko wewe uliyeko ndani yake. Mwanamke yuko kitandani, taa imezimwa, mume anaongea kwa sauti ya Ojwang. Kuna mtu gani kijijini ataniuliza kitu kingine?"

Akelo alikaa na simu mkononi hata baada ya kukatika. Angeweza kuacha iwe hivyo. Hakuna ambaye angegusa mlango wake, wazee wangeridhika, kipindi kingeendelea, na Teodora na Rohan wangeendelea na kazi yao. Lakini alikuwa amewaambia hapana kwa kinywa chake, mbele ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujakauka. Sasa kinywa hichohicho kingewaambia ndiyo kila Jumamosi jioni, na nchi nzima ikisikiliza.

Siku ya kurekodi Ojwang alifika studio amevaa shati jeupe na tai.

"Shemeji," Teodora alimwambia, "tai ya nini? Maiki haina macho."

"Favour ndiye amenifunga. Amesema kama ninakwenda kulala na mke wa kaka yangu mbele ya watu, angalau niwe nimependeza."

Walicheka. Kisha kicheko kikaisha kwa wote kwa pamoja, na Ojwang akailegeza tai kwa kidole.

Akelo alimtazama. Katika miezi yote ile hakuwa amefikiria kwamba Favour naye anaketi mahali fulani akisikiliza.

Walisimama wote watatu kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro ya kuzuia kelele. Rohan, upande wa pili wa kioo, alizima taa, kwa kuwa Okech siku zote alipenda izimwe. Alihesabu, akaanza kurekodi.

"Mama Shimba," Ojwang alisema gizani. "Umelala?"

Akelo alishika meza. Maneno ya kujibu aliyajua: ningelala vipi na wewe unapumua kama pampu. Alifungua mdomo. Sauti iliyokuwa kando yake ilikuwa ya Okech, lakini mtu aliyekuwa akitoa jasho pale alikuwa mwingine, na alikuwa akingoja kuambiwa yeye ni nani.

"Shemeji," Akelo alisema. "Ni wewe uko mlangoni?"

Akelo alisikia kiti cha Rohan kikilia upande wa pili, lakini Rohan hakusimamisha kurekodi.

Ojwang alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye maiki, ili sauti yake itoke mbali. "Ni mimi, shemeji. Nimetoka Nansio, meli imechelewa. Nimesikia habari za kaka, ndiyo nimekuja."

"Karibu ndani."

"Nitakaa hapa barazani. Nimeleta viazi. Nitawaona kukipambazuka."

Ndipo Teodora, kwa ile sauti ya mtoto, akasema, "Mama, nani huyo anaongea kama baba?"

"Ni baba yako mdogo," Akelo alisema. "Ana nyumba yake na mke wake. Amekuja kututazama. Msalimie."

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu," Ojwang alisema.

Rohan aliwasha taa. Kisha akaingia.

"Kwa hiyo Luhende amekufa," alisema.

"Amekufa, Rohan," Akelo alisema. "Mwezi wa pili."

Rohan aliitikia kwa kichwa. Teodora akauliza, "Na Shimba je?"

"Shimba?" Rohan alifikiri. "Itabidi aingie darasa la tano."

Kipindi kilirushwa hivyohivyo. Jumapili yake, baada ya ibada, mama mkwe alipiga simu. Walisalimiana.

"Wazee walikuja kutazama hapa kwangu," mama mkwe alisema. "Wote."

"Walisemaje?"

"Mmoja aliomba kofia yake. Alipofika mlangoni akasema, mwanamke ameulizwa mara mbili na amejibu mara mbili, tumwache. Wakaondoka."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nina swali langu. Mmemzika wapi?"

"Nani?"

"Luhende. Mtoto anaambiwa baba hayupo, shemeji anakuja na viazi. Kaburi liko wapi?"

"Hatukulichora, mama."

"Basi mmemwacha hewani."

"Luhende ni Msukuma, mama. Ni wa katuni."

"Hata Msukuma analala mahali. Miaka yote hiyo nilikuwa namsikia mwanangu akicheka humo ndani. Nyumba yake nyingine ilikuwa hiyo. Mwambie huyo Rohan amzike vizuri, mkono wa kulia wa nyumba, watoto wakitoka wamuone."

"Nitamwambia, mama."

Akelo alimpigia Rohan papo hapo. Rohan hakushangaa. Aliuliza kama achore saruji na vigae, kama makaburi ya siku hizi.

"Udongo kwanza," Akelo alisema. "Saruji baadaye, udongo ukishatulia."

"Sawa," Rohan alisema, na Akelo akamsikia akivuta kiti mezani.