Lori Halimtishi Mtu

Dada yangu Yolette, Mhaiti kama mimi, aliandika vitabu vya kutisha miaka kumi na tisa hapa Santo Domingo, katika nchi jirani na kwetu. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilihusu lori la serikali linalozoa wahamiaji wasio na vibali, kama sisi, na kuwarudisha kwao. Mchapishaji wake, Don Evaristo, aliikataa.

"Lori halimtishi mtu, bibie. Wasomaji wanataka maiti wanaotembea. Si ndiyo mambo yenu huko?"

Akaandika maiti. Evaristo akabandika mabango mji mzima: picha ya dada, jina lake, na "Mzaliwa wa Haiti" kwa herufi nyekundu, maana hofu ya kwetu inauzika. Siku ya uzinduzi lori likaja mpaka mlangoni, likamzoa dada kalamu ingali mkononi.

Juzi Evaristo kanipigia simu.

"Pole, bibie. Ile hadithi ya lori, bado unayo?"